Siku Tulipokaanga Punje za Baridi

Nyinyi vijana wa gereji mnaniona nimekaa mlangoni kwenye kigoda changu, mnadhani nasinzia. Sisinzii, nasikiliza. Juzi mmoja wenu alifungua bomba la baridi la gari, akaliacha mdomo wazi, akaenda kula katogo. Nilitaka kusimama nimwambie neno, magoti yakakataa. Basi nimeomba daftari la mjukuu wangu niandike. Shule yangu iliishia darasa la tatu na herufi zangu zinaegemeana kama walevi, lakini mtazisoma.

Naandika Kiswahili kwa sababu kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Mulamba, Mkongo aliyekimbia vita vya kwao upande wa mashariki, akafungua kibanda pale Mengo, chini ya mlima. Luganda alikijua cha kununulia matooke tu. Na watu wenye bunduki miaka ile nao walisema Kiswahili. Kwa hiyo mpaka leo nikisikia lugha hii nakumbuka vitu viwili, spana na woga.

Nitaanza na kidole gumba. Mnaona hiki cha kushoto, ngozi yake ilivyo nyeupe kwa juu? Si moto huo. Ni baridi. Wiki ya kwanza kwa Mzee Mulamba aliniambia nifungue kompresa ya gari moja la ubalozi, ile pampu inayosukuma gesi. Mimi nilitoka kwenye kazi ya baiskeli, gesi sikuijua. Nikaweka msumeno kwenye bomba nikakata. Kilitoka kitu kama pumzi ya shetani, kikanilamba kidole, nikaona ngozi inageuka rangi ya uji. Nikapiga kelele kwamba nimeungua. Mzee akaja, akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kizito, weye umeungua na baridi," alisema. "Watu wa Kampala wote wanaungua na sigiri, weye peke yako umeungua na barafu. Nenda kawaambie kwenu."

Sikuwahi kujua kwamba baridi ni kitu kinachoweza kufungiwa ndani ya bomba, kikakaa humo kimya, kikisubiri. Hilo lilinishangaza, na bado linanishangaza. Nyinyi mna mashine yenye namba, inawaambia kila kitu, ndiyo maana hamshangai. Nawaonea huruma kidogo. (Gesi ile, lakini, msiiachie angani kama sisi. Tulikuwa hatujui. Sasa inajulikana.)

Desturi ya Mzee ilikuwa hii. Ukifungua bomba lolote la baridi, kabla hujafuta mikono, kabla hujamjibu anayekusalimia, unaziba mdomo wake. Alikuwa na mkebe wa vizibo vya mpira na vya mti wa kizibo, kila kimoja alikichonga mwenyewe kwa wembe, akakipaka nta. Mteja akifika na kusema "Mzee, habari za asubuhi," Mzee ananyamaza mpaka kizibo kimeingia. Wengine walimwona ana kiburi. Alikuwa anakimbizana na hewa. Hewa ya mji huu ina maji, wanangu, hata siku mnayoiita kavu. Maji yakiingia kwenye mfumo wa baridi, yanatembea na gesi mpaka kwenye lile tundu jembamba kama la sindano, yanaganda pale, yanaziba. Gari litatoa baridi nzuri dakika chache, mwenyewe atafurahi, halafu litakufa. Kumbukeni hilo la dakika chache, maana ndiko naelekea.

Kulikuwa na daktari wa meno, Mhindi, mwenye gari dogo jekundu la Kitaliano, la milango miwili na viti viwili, limelala chini kiasi kwamba ukisimama karibu nalo unaona paa lake kama meza. Gari la kukimbia. Lilikuwa la zamani hata wakati huo, na mtu fulani alikuwa amelifungia baridi kwa kulazimisha, maana halikuzaliwa nayo. Mashine ile ilikula nguvu ya injini, na kwenye milima yetu gari lilikuwa linachemka. Mzee akamwambia daktari, unapopanda mlima zima baridi, ukifika juu washa. Daktari akasema yeye hakununua baridi ili aizime. Gari lilimchemkia mara tatu, kisha akalileta, akasema ng'oa kitu hiki chote.

Kuking'oa kulituchukua siku nne. Ninyi mngesema siku nne za nini, fungua tupa. Mzee alifunga kila boliti kwenye kitambaa pamoja na boliti ya jirani, akachora juu yake kwa mkaa mahali ilipotoka. Kompresa, mabomba, redieta ndogo ya mbele, kisanduku cha baridi cha chini ya dashibodi, na ile chupa ya chuma yenye punje ndani. Chupa hiyo kazi yake ni kunywa maji yaliyojificha kwenye gesi. Punje zake ni kama chembe za kioo. Kila mdomo kizibo na nta. Vyote vikaingia kwenye sanduku la mbao, sanduku likapanda darini. Daktari akasema litupwe, Mzee akasema hapana, kuna siku litatafutwa.

Haukupita muda mrefu Wahindi wakaambiwa waondoke. Daktari alipita kutuaga na sanduku moja la nguo. Alimpa Mzee mkono, akatazama juu darini, akaenda zake.

Hapa sasa ndipo dhambi yangu. Nilikuwa nimeoa mwaka ule. Vitu vilipotea madukani, sukari, sabuni, chumvi, na mafuta ya taa ulipoyapata uliyabeba kama mtoto mchanga. Mke wangu alikuwa na chupa ya mafuta ya taa isiyo na kifuniko, na chumba chetu kizima kilinuka. Nikapanda darini siku moja Mzee akiwa sokoni, nikafungua sanduku, nikachomoa kizibo kimoja kizuri. Kilikaa kwenye chupa ya mke wangu kama kilitengenezwa kwa ajili yake. Nilikuwa nimekichomoa kwenye chupa ya punje. Sikufikiri. Gari lilikuwa la mtu aliyeondoka, na sanduku lilikuwa la kumbukumbu tu.

Lilikaa hivyo misimu miwili ya mvua.

Jumatatu moja gari jekundu likaingia uani. Aliyeshuka hakuwa daktari. Alikuwa Meja, mtu wa kaskazini, mrefu mpaka ukashangaa alikunjwaje mle ndani. Mavazi yamepigwa pasi, vumbi limejaa kwenye nyusi. Buti la gari lile lilikuwa dogo, halitoshi hata mbuzi, na naona aibu kusema kwamba ndicho kitu cha kwanza nilichokitazama, nikapata faraja. Miaka ile watu walikuwa wanaondoka Kampala ndani ya mabuti.

"Nani Mulamba?" akauliza.

"Ni mimi, afande."

"Hii gari ilikuwa na baridi. Iko na matundu hapa chini ya dashibodi. Watu nasema wewe ndiye nakula hiyo baridi."

"Sikuila, afande. Iko juu, imelala."

Meja akatazama juu darini kama anayetazamia kuona mtu. "Basi mwamshe. Jumamosi mukubwa yangu naoa. Mimi naenda na madirisha imefungwa, hapana vumbi, hapana jasho. Jumamosi saa sita nachukua gari. Kama baridi hapana, nachukua wewe."

Akaondoka kwa miguu kuelekea kambini Lubiri, akatuachia gari na ufunguo.

Mzee hakuonekana kuogopa. Aliteremsha sanduku kama anayeteremsha mgonjwa, akaanza kutoa vitambaa kimoja kimoja. Ramani yake ya mkaa ilikuwa bado inasomeka. Akafika kwenye chupa. Akaigeuza. Akaona mdomo wake uko wazi, na buibui amejenga humo.

Nilikuwa nimeshika spana namba kumi na tatu. Nakumbuka namba kwa sababu niliitazama sana.

"Kizito," akasema, "panya wa Mengo wanakula nta, lakini hawang'oi kizibo."

Nikamwambia. Mafuta ya taa, mke, harufu, yote. Nilingoja anipige. Aliweka chupa chini, akakaa juu ya tairi, akavuta pumzi ndefu.

"Kizibo kiko wapi?"

"Nyumbani, Mzee."

"Kilete. Ni chetu."

Hilo tu. Nikakimbia nikakileta, na tangu siku hiyo mke wangu aliziba mafuta kwa gunzi la mahindi.

Chupa mpya ya namna hiyo usingeipata Kampala nzima. Maduka ya vipuri yalikuwa yamebaki rafu na vumbi, na muuzaji ni ndugu wa mwanajeshi, hajui tofauti ya plagi na fyuzi. Gesi tuliyokuwa nayo ilikuwa mtungi mmoja mdogo, unatosha kujaza mara moja. Ukijaza mfumo wenye maji, umepoteza gesi na umepoteza Jumamosi.

Jumanne asubuhi Mzee alitoboa tako la chupa, akamwaga punje kwenye sinia. Zilikuwa zimenenepa kwa unyevu, zimefifia. Akazishika moja moja kama anayechambua mchele. Kisha akaniambia, "Twende Owino."

Nilidhani anakwenda kununua kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Maama Nakku, mama aliyekaanga karanga pembeni mwa soko kwenye kikaango kipana cha chuma. Mama huyu alikuwa na mkono wa ajabu. Hakutazama kikaango. Aliongea na majirani, alirudisha chenji, na mkono unageuza, na hakuna karanga hata moja iliyoungua.

"Nnyabo," Mzee akamwambia, "nikaangie hizi. Taratibu, mpaka zikauke ndani kabisa."

Maama Nakku akachungulia kwenye sinia. "Ssebo, hizi njugu gani? Hazinuki."

"Ni njugu za gari."

"Gari nayo siku hizi nakula?" Akacheka, majirani wakacheka. "Wanaume wa Katwe na Mengo nyinyi mutaniletea mawe nichemshe."

Lakini alizimwaga. Na hapa, vijana, ndipo niliona kitu. Mzee alitoa mfukoni kipande cha kioo cha kunyolea, akakishika juu ya kikaango. Kikafunikwa na ukungu. Akakifuta, akangoja, akakishika tena. Ukungu. Yale ndiyo maji ya misimu miwili, yalikuwa yanatoka kwenye vipunje vidogo kuliko maharage, yanapanda mbele ya macho yangu. Sikujua kwamba hewa tunayovuta inabeba mto mzima. Maama Nakku akaacha kuongea. Akatazama kioo naye.

"Kumbe zilikuwa na maji," akasema polepole.

"Mengi, nnyabo."

"Basi ngoja." Akapunguza mkaa kwa kijiti, akaanza kugeuza kwa namna nyingine, kwa upole. Karanga zake za kuuza hakuzigusa mpaka saa tisa. Kila mara Mzee aliposhika kioo ukungu ulipungua, na mwishowe kioo kikabaki safi, nikauona uso wa Mzee humo, amezeeka kuliko asubuhi. Maama Nakku alikataa kulipwa. Alitufungia karanga halisi kwenye gazeti, akasema tule, tumekonda kwa mambo ya magari.

Tulikimbia na punje zikiwa bado moto kwenye birika lililofunikwa. Mzee alikuwa ameshachomea nati ya shaba kwenye tako la chupa tangu asubuhi, akaisafisha. Tukamimina, tukakaza boliti na washa yake kuziba tundu tulilotoboa, na mdomo wa juu ukapata kizibo. Kile kile. Alinipa nikiingize mimi.

Jumatano na Alhamisi tulifunga. Mabano ya kompresa, puli, mkanda, mabomba. Kazi ya kurudisha ni ngumu kuliko kung'oa, kwa sababu gari linasahau. Matundu yanazikataa boliti zake yenyewe. Mzee alikuwa anaweka boliti zote kwa vidole kwanza, hakazi hata moja mpaka zote zimeingia. Fanyeni hivyo. Ukikaza ya kwanza, ya nne itakutukana.

Ijumaa tulinyonya hewa. Pampu yetu ilikuwa kompresa ya friji ya zamani iliyogeuzwa. Tangu kunapambazuka mpaka jua linapungua ilinyonya, na sindano ya geji ikashuka ikakaa. Mzee akazima, akakaa mbele ya ile sindano saa nzima kama mtu anayemlinda mgonjwa. Haikutikisika. Akafungua gesi. Kisha akawasha taa yake ya kutafuta mvujo, taa ya moto yenye mpira mdogo unaopita kwenye viungo ukivuta hewa. Gesi ikivuja, moto unageuka kijani. Siku ile uligeuka mahali pamoja, kijani kama jani jipya la mgomba, kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona katika kazi. (Moshi wake ni sumu. Msiujaribu.) Akakaza nati robo mzunguko. Moto ukarudi bluu.

Jumamosi saa sita Meja alifika amevaa sare ya sherehe. Mzee akawasha injini, akawasha baridi. Kwenye chupa kuna kidirisha kidogo cha kioo. Mapovu yakapita ndani yake, mengi, machache, halafu hakuna. Kioo kitupu kama hakina kitu, maana yake gesi imetosha. Meja akaingiza mkono chini ya dashibodi. Akautoa. Akaurudisha. Mtu mkubwa vile, akafanya hivyo mara nne.

Halafu akatazama chini. Maji yalikuwa yanadondoka chini ya gari.

"Hii nini? Gari nakojoa?" Mkono ukaenda kiunoni.

"Ni maji ya hewa, afande. Baridi inayakamua."

"Wewe naona mimi mjinga."

Mzee akachukua kikombe chake cha chai, akakikinga chini ya gari. Tulingoja wote watatu, tukisikiliza, tone, tone. Kilipofika nusu Meja akaninyooshea kidole. "Huyu anywe."

Nikanywa. Yalikuwa baridi, na yana ladha ya vumbi na ya sigara za mtu mwingine. Meja alinitazama aone kama nitaanguka. Kisha akakipokea kikombe, akanywa yaliyobaki, akafumba macho.

"Hewa," akasema. Akanirudishia kikombe. Halafu sauti ikarudi ya kijeshi. "Mulamba, panda. Tunapanda mlima mpaka juu na kurudi. Kama baridi nakufa njiani, wewe harudi."

Hapo ndipo nilitakiwa niseme kwamba chupa niliiharibu mimi. Mdomo wangu ulikaa umezibwa. Sitawadanganya, nilikuwa na mke, na nilinyamaza. Mzee akakunja magoti akaingia, akashika karanga za Maama Nakku mkononi kama mtu anayekwenda matembezini. Milango ikafungwa.

Barabara ya kupanda ilikuwa ya vumbi. Petroli ilikuwa adimu, hakukuwa na gari lingine. Gari lilipopotea kwenye kona nikaona chini: matone. Mstari mmoja wa madoa meusi kwenye vumbi jekundu, kama mvua imeamua kutembea kwa mguu mmoja. Nikaufuata. Nilikwenda nimeinama, nikajiambia, maadamu linadondoka, punje ni kavu, na Mzee yuko hai. Watu walinipisha, wakidhani nimepoteza kitu.

Katikati ya mlima matone yakakatika.

Nilirudi nyuma, nikatafuta pembeni. Hakuna. Dakika chache, Mzee alikuwa amesema. Inatoa baridi nzuri dakika chache, halafu inaganda, inakufa. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilisema kwa sauti, "Ni mimi, afande, ni mimi," na mwanamke mmoja aliyebeba maji akakaza mwendo.

Kisha nikainuka nikakimbia kupanda, sijui nilitaka kufanya nini.

Gari lilikuwa juu kabisa, limesimama kivulini, injini inanguruma. Vioo vimepata ukungu, sioni ndani. Na chini yake, kwenye vumbi, dimbwi dogo linameta. Nilisimama nikalitazama dimbwi lile kama watu wanavyotazama kaburi tupu. Ndipo akili ikanirudia: unapopanda mlima, zima baridi, ukifika juu, washa. Daktari wa meno alikataa kusikia, Meja alikuwa amesikia. Woga ulikuwa umenisahaulisha nilichofundishwa.

Nikavuta mlango kwa nguvu. Baridi ikanimwagikia miguuni. Meja amesimamisha kola ya sare yake mpaka masikioni, anatafuna. Gazeti la karanga liko wazi katikati yao. Mzee Mulamba alinitazama, nimejaa vumbi na machozi, mdomo wazi, siwezi kusema neno.

"Kizito," akasema, "funga mlango. Baridi inatoka."

Nikaufunga, taratibu, kwa mikono miwili.